Mti Usio na Miiba Ukiota Miiba: Mwongozo Kamili wa Kumtambua na Kumdhibiti Mdudu-Mwiba

Bibi mmoja wa Pemba tunayekaa naye mtaa mmoja huku Florida ya kusini ndiye aliyenifungua macho. Nilitoka asubuhi niende kumsalimia, nikamkuta amesimama chini ya kaliandra yangu, mkono umeshika kiuno.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hebu njoo hapa. Huu mti wako tangu lini una miiba?"

Nikamwambia kaliandra haina miiba. Akanyoosha kidole kwenye tawi. Ilikuwepo, miiba kweli kweli: kijani, mistari myekundu, ncha kali, imejipanga kama meno ya kitana. Akaugusa mmoja kwa ncha ya kanga yake, na ule mwiba ukatembea.

Mdudu huyo kwa jina la kitaalamu ni *Umbonia crassicornis*, wa ukoo wa Membracidae. Kwa Kiswahili sijamsikia akiitwa kwa jina lililozoeleka, kwa hiyo hapa nitamwita mdudu-mwiba, kwa kuwa ndivyo alivyo. Makazi yake ni Florida ya kusini, Meksiko, Amerika ya Kati na kaskazini mwa Amerika ya Kusini. Nawaandikia Waswahili wenzangu wenye bustani huku, maana kila mwaka naona mtu kaukata mti mzima kwa hofu, na mwingine kaupuuza mche mpaka ukafa. Wote wawili wamekosa jambo lile lile: hawakutazama kwanza.

Kwanza: hakikisha ni yeye

Chukua unyasi au kijiti cha kiberiti. Gusa "mwiba" kwa upole ubavuni. Mwiba wa kweli ni sehemu ya mti, hausogei. Mdudu-mwiba atajisogeza kando na kuzunguka upande wa pili wa tawi, kama mtoto anayejificha nyuma ya nguzo. Ukizunguka umfuate, naye anazunguka. Ukimsumbua zaidi anaruka ghafla, na mlio mdogo wa "tak" unausikia akigonga jani la jirani.

Mtu mzima ana urefu wa sentimita moja hivi. Kile unachokiona kama mwiba ni ngao ya mgongo, yaani sehemu ya juu ya kifua iliyokua kupita kiasi mpaka ikafunika mwili karibu wote. Jike ana pembe iliyosimama wima, nyembamba, yenye ncha. Pembe ya dume hubadilika badilika umbo, mara nyingi imelala kidogo kwa nyuma na kupanuka kwenye ncha. Watu wengi hudhani ni aina mbili za wadudu kumbe ni mke na mume.

Hang'ati wala hana sumu. Mdomo wake ni mrija wa kufyonzea mti, si wa kumchoma binadamu. Ila ngao ile ni ngumu kweli: ukikanyaga aliyedondoka nawe uko peku, utaruka. Wanao wakicheza chini ya mti ulioshambuliwa, wavae ndara.

Usimchanganye na vidukari, vidung'ata au wadudu-gamba. Hao nao hufyonza na kuchafua mti, lakini ni laini au wamebandika kama magamba, na hawana pembe.

Pili: kagua miti inayopendwa naye

Mdudu-mwiba anapenda zaidi miti ya jamii ya mikunde. Anza na kaliandra, albizia, na ule mti wa asili wa Florida ya kusini, *Lysiloma*, ambao Wamarekani huufananisha na mkwaju. Kisha haibiskasi, jakaranda, na mkrismasi wetu. (Kule pwani tumeuita mkrismasi kwa sababu unawaka mwekundu Desemba. Huku unachanua kuanzia mwezi wa tano, na Krismasi yenyewe hauna hata ua. Mti ni ule ule wa Madagaska.) Mara moja moja hukutwa pia kwenye michungwa na miparachichi.

Usitazame majani, maana hakai huko. Tazama vijitawi vyenye unene wa penseli au kidole cha mwisho, hasa sehemu changa zilizoanza kukomaa, ambako gome bado ni laini. Pita tawi kwa tawi kutoka shinani kwenda nje. Jua la asubuhi likiwa nyuma ya tawi, pembe zinaonekana kama kivuli cha msumeno. Mimi hukagua Jumamosi moja kila baada ya wiki mbili, na haichukui zaidi ya dakika kumi na tano kwa mti mmoja.

Kabla ya kumwona mwenyewe, utaona dalili. Majani ya chini yanang'aa na kunata, kama yamepakwa sharubati. Gari lililoegeshwa chini ya mti lina madoa ya gundi. Sisimizi wanapanda na kushuka kwa safu, na nyigu na nyuki wanazunguka matawi wakati mti hauna maua. Baadaye ile hali ya kunata inageuka kuwa na ukungu mweusi kama masizi ya sufuria.

Sababu yake iko hivi. Mdudu huyu hufyonza maji ya mti yanayobeba sukari kutoka majanini. Maji hayo yana sukari tele lakini yana upungufu wa viini vya kujengea mwili, kwa hiyo inambidi anywe mengi apate hicho kidogo anachohitaji, na sukari inayozidi anaitoa nyuma. Wadudu mia wakifanya hivyo mchana kutwa, chini panakuwa kama duka la halua. Ukungu mweusi hauli jani. Unaota juu ya ile sukari tu, ingawa ukiwa mzito unaliziba jani lisipate mwanga.

Tatu: usome ukoo mzima kabla ya kugusa kitu

Hapa naomba msomaji wangu atulie, maana hatua hii watu huiruka na ndiyo inayoamua zote zinazofuata.

Tafuta jike aliye peke yake, amekaa kimya, hakimbii hata ukimsogelea. Ukimgusa anang'ang'ania pale pale. Huyo yuko juu ya mayai. Amepasua gome kwa mrija wake wa kutagia na kupanga mayai ndani ya nyama ya kijitawi, makumi kadhaa, pengine karibu mia. Nje unaona mikwaruzo na uvimbe mdogo tu. Atakaa hapo wiki tatu hivi mpaka yaanguliwe.

Mayai yakikaribia kuanguliwa, mama anafanya jambo lililonishangaza mara ya kwanza nilipoliona kwa lenzi ya kukuzia. Anatoboa vijitundu vingine kwenye gome, karibu na mayai, vikizunguka kijitawi. Hivyo havina mayai. Ni meza ya chakula: tunutu, yaani watoto wa mdudu huyu kabla hawajakomaa, wana midomo dhaifu, na mama amewatobolea gome wapate pa kunywea. Watoto wakitoka wanajipanga kwenye matundu hayo, bega kwa bega, na mama anakaa pembeni yao, mara nyingi upande wa chini wa tawi, unaoelekea shina.

Baba hayupo. Kazi yake iliisha siku nyingi.

Sasa angalia kinachotokea nyigu akitua. Tunutu walio karibu naye wanatikisa miili, mtikisiko unapita ndani ya tawi, wa jirani wanaudaka na kuupeleka mbele, mpaka kundi zima linatikisika kwa pamoja kama wimbi. Sikio letu halisikii kitu, lakini mama anausikia kwa miguu. Mwaka 1996 mtafiti Rex Cocroft alieleza namna watoto hawa wanavyomwita mama yao kwa mitikisiko hiyo. Mama anatembea kuelekea upande wenye hatari, anapepea mabawa kwa kishindo, na adui akizidi kusogea anampiga teke kwa mguu wa nyuma. Miaka ya 1970 mtafiti mwingine, Thomas Wood, alikuwa tayari ameonyesha kwamba tunutu akijeruhiwa, mama hushtuka na kuanza kulinda, hata kama adui mwenyewe hayupo.

Nimesimama mara nyingi na glasi ya chai mkononi nikimtazama mdudu asiyefika hata upana wa kidole akimfukuza nyigu. Najua anainyonya kaliandra yangu. Bado namheshimu.

Faida ya kuyajua haya ni kwamba sasa unaweza kusoma tawi. Jike peke yake aliyeganda: mayai. Jike pamoja na vidudu vidogo vyenye madoadoa na vijipembe mgongoni: tunutu, na una mwezi mmoja hivi mpaka wawe watu wazima, kutegemea joto. Watu wazima wengi wamejipanga bila watoto: ndugu wa tumbo moja waliokomaa, ambao watakaa pamoja wiki kadhaa kabla ya kutawanyika kutafuta wenza. Kundi hili la mwisho ndilo ambalo kesho litakuwa kwenye miti yote ya mtaa.

Nne: amua kwa umri wa mti

Pima shina kwa mkono. Kama huwezi kulizungusha kwa vidole vya mikono miwili, mti huo ni mkubwa na kwa kawaida hautauawa na mdudu-mwiba. Utapoteza majani kiasi, vijitawi vya ncha vitakauka, uwanja utanata. Ni kero, si msiba. Matawi mawili matatu yenye familia kwenye mti mkubwa mimi nayaacha.

Mche ni habari nyingine kabisa. Miti michanga yenye shina la sentimita 4 hadi 5 imewahi kufa Florida kwa sababu ya matundu ya mayai. Si kufyonzwa kunakoiua zaidi, bali kupasuliwa: majike kumi wakitaga kwenye shina jembamba, gome lote limekatwa katwa, na maji hayapandi wala chakula hakishuki. Nilipoteza jakaranda changa kwa njia hiyo. Nilikuwa naona majike wametulia shinani, nikasema ni wachache, nitashughulika wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa mwezi. Mti ulikauka kuanzia juu, na nilipobandua gome nikakuta safu za matundu zimezunguka shina kama kushona kwa cherehani.

Kwa hiyo mche una shina jembamba na umeona jike hata mmoja kwenye shina lenyewe? Fanya kazi siku hiyo hiyo. Mti mkubwa, subiri na utazame.

Tano: mkono na mkasi

Hii ndiyo dawa ninayoiamini kuliko zote. Andaa mkasi wa kupogolea uliochongwa na kufutwa kwa spiriti, ndoo yenye maji nusu na sabuni ya kuoshea vyombo, na glavu nene za bustani, kwa sababu pembe zinachoma.

Nenda alfajiri wakati hewa bado ya baridi na wadudu wamezubaa. Weka ndoo chini ya kijitawi chenye kundi, kata juu tu ya kifundo kilicho chini ya kundi, acha tawi na wadudu wake waingie majini. Usilitikise kabla ya kukata, watu wazima wataruka. Zamisha kwa saa kadhaa.

Kama wako kwenye shina la mche, huwezi kukata. Waswage kwa brashi ngumu au kipande cha kadi ya plastiki, waangukie ndooni. Anza na majike walioganda juu ya mayai. Mayai yenyewe yako ndani ya gome, usijaribu kuyachokonoa kwa kisu, utaumiza mche kuliko alivyouumiza mdudu. Weka alama kwa uzi mwekundu mahali pale na uhesabu wiki tatu.

Kuna jambo moja nalisema kwa moyo mzito kidogo. Ukimwondoa mama tu na kuwaacha tunutu, wengi hawafiki utu uzima. Majaribio ya kumwondoa jike yameonyesha hivyo, na mimi nimeona kwangu: nyigu waliwamaliza kundi zima kwa siku chache. Tawi lililo juu usipofika na mkasi, lakini unapofika na kijiti kirefu, kumwangusha mama kunatosha. Bustani yenyewe inamalizia kazi.

Matawi uliyoyakata usiyatupe kwenye rundo la mbolea yakiwa mabichi. Baada ya kuzamisha, yafunge kwenye mfuko wa plastiki na kuyaacha juani siku kadhaa, ndipo uyatoe na taka.

Sita: maji, kisha sabuni

Mpira wa maji wenye nguvu unaangusha tunutu wachanga vizuri sana, na papo hapo unaosha ile sukari na kupunguza ukungu. Fanya asubuhi, mara mbili au tatu kwa wiki. Watu wazima hawaangushwi kirahisi, wanang'ang'ania.

Ukihitaji zaidi, tumia sabuni iliyotengenezwa kwa kuulia wadudu wa mimea, au mafuta ya bustani, au mafuta ya mwarobaini. Sabuni ya vyombo ni ya ndooni tu. Ukiinyunyizia mti inaweza kuunguza majani. Mambo matatu ya kukumbuka. Sabuni na mafuta huua kile kinachoguswa tu, kwa hiyo lowesha kijitawi pande zote, hasa upande wa chini. Ngao ya mtu mzima inamkinga, basi lenga tunutu. Na usinyunyize jua likiwa kali au joto likipita nyuzi 32 za Selsiasi, majani yataungua. Jaribu kwanza kwenye majani machache, subiri siku mbili, ukiona hayajabadilika endelea. Rudia baada ya siku saba hadi kumi, ukifuata kipimo kilichoandikwa kwenye chupa.

Saba: dawa kali

Kwa mti wa nyumbani sipendekezi, isipokuwa una miche mingi inayokufa. Dawa zinazomwagwa mizizini na kupanda na maji ya mti huingia pia kwenye maua, na kaliandra, albizia na mkrismasi ni karamu ya nyuki. Kamwe usizitumie mti ukiwa na maua au unakaribia kuchanua, wala kwenye mti wa matunda unayokula kama lebo ya dawa haitaji mti huo. Huku Marekani kutumia dawa kinyume na lebo yake ni kuvunja sheria.

Kabla ya kununua, kata kijitawi chenye wadudu, kitie kwenye chupa yenye spiriti, na ukipeleke ofisi ya ugani ya kaunti. Chuo Kikuu cha Florida kina ofisi hizo katika kaunti zote 67, na kazi yao ni kutambua wadudu na kukushauri. Usione haya kwa sababu ya Kiingereza. Mdudu anajieleza mwenyewe.

Nane: rudi, na usisafirishe

Wiki tatu baada ya kuweka ule uzi mwekundu, rudi na lenzi. Ukiona vidudu vidogo vimejipanga karibu na uzi, mayai yameanguliwa: maji na sabuni siku hiyo, wakiwa bado laini. Usipoona kitu, rudi tena baada ya siku nne tano. Kisha mwagilia mche vizuri na uweke matandazo ya majani makavu kuzunguka mizizi, yasiguse shina, maana mti wenye kiu hauponyi gome lake upesi. Punguza mbolea ya kukuza majani. Machipukizi mengi laini kwa mkupuo ni mwaliko.

La mwisho ni kwa sisi tunaokwenda na kurudi nyumbani. Najua utamu wa kumpelekea mama kipandikizi cha ua zuri, umekifunga kwenye gazeti lenye maji ndani ya begi. Lakini mayai ya mdudu huyu yamo ndani ya gome, macho hayayaoni, na kipandikizi chenye unene wa penseli ndicho hasa anachotagia. Kule kwetu kuna jamaa zake wa ukoo huu, kama *Oxyrhachis* wanaokaa kwenye migunga na kutunzwa na sisimizi, nao wamezoeana na miti yao na maadui zao tangu zamani. Huyu wa huku ni mgeni kwa mikrismasi ya Tanga na jakaranda za Nairobi. Ukitaka kupeleka mmea, uliza mamlaka ya afya ya mimea ya huko, yaani TPHPA kama unakwenda Tanzania au KEPHIS kama ni Kenya, upate kibali, na cheti cha afya ya mimea cha huku Marekani, kabla ya safari. Mbegu nazo zina masharti yake, ila mdudu huyu hatagi kwenye mbegu. Mama yangu nilimwombea kibali cha mbegu za kaliandra, na kipandikizi nilichokuwa nimekikata nikakizamisha ndooni pamoja na matawi mengine.